Goti Lina Kikao

Kocha hakuwahi kusema kwamba goti linamuuma. Alisema goti lina kikao. "Leo la kulia lina kikao," angetuambia, akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mikono juu ya mapaja, anasubiri kama mtu aliyewekwa benchi nje ya ofisi ya mkurugenzi. Kikao kikiisha vizuri, alinyanyuka. Kisipoisha, alifundisha akiwa hapo hapo kitini, nasi tulijifanya hatuoni.

Nimeanza kuandika habari zake mara nyingi nikachana, kwa sababu kila sentensi niliiona ina kasoro. Ndivyo nilivyo. Nachapa barua za watu kwenye duka la stesheneri hapa Picha ya Ndege, Kibaha, na barua ya mistari sita naweza kuirudia mara nne kwa ajili ya nafasi moja iliyozidi. Safari hii sichani. Goti langu la kulia limechanika ndani. Daktari ameniambia nichague: nipasuliwe, au niache jiujitsu kabisa, kwa sababu nikiendelea hivi hivi nitaishia kwenye magongo. Nilikaa na maneno hayo wiki nyingi bila kuchagua. Kila ninachokijua kuhusu kupigana na magoti mabovu nilikipata kwa mtu huyu, na goti langu mwenyewe nililiharibu akiwa ananitazama.

Alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule, mapazia, na suruali za watumishi wanaowahi ofisini Dar alfajiri na kurudi jioni. Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga, lakini pedali alikwisha kuing'oa, akafunga mpini wa kuzungusha. Mkono wa kulia ulizungusha, wa kushoto uliongoza kitambaa. Kwa kazi hiyo ya miaka, mkono wake wa kulia ulikuwa mnene kuliko wa kushoto, kana kwamba ameuazima kwa mpakia mizigo. Mafundi vijana wa jirani walimshauri afunge mota.

"Mota haina subira," aliwajibu.

"Ila wewe unayo, mzee, ndiyo maana suruali yangu ina wiki ya tatu," mteja mmoja alisema, na Kocha alicheka mpaka akashika meza.

Ujanani alicheza judo. Baadaye mgeni mmoja aliyefanya kazi Dar miaka miwili alimfundisha jiujitsu ya Kibrazili, mieleka ambayo sehemu kubwa inachezwa mkiwa chini, na inayoisha pale mmoja anapogonga kwa kiganja kuonyesha kwamba amekubali. Zaidi ya hapo hakueleza na sisi hatukumhoji.

Tulifanyia mazoezi nyuma ya kibanda chake, kwenye nyumba ambayo haijaisha. Mwenye nyumba alikuwa ameijenga mpaka kwenye lenta akakwama, akamwomba Kocha awe anaitazama tofali zisiibwe. Kocha aliezeka chumba kimoja kwa mabati ya zamani. Sakafuni alipanga vipande vya magodoro ya sponji, juu yake akatandika turubai la lori alilolishona mwenyewe, mshono mara mbili. Ukianguka hapo huumii. Lakini kidole cha mguu kikinasa kwenye mkunjo wa turubai huku mwili unageuka, goti ndilo linalojibu. "Chini ya turubai kuna mashetani wadogo," alituonya. "Inueni miguu."

Nilimwendea nikiwa na miaka ishirini na tatu, nikiwa tayari najiona mjuzi. Kompyuta nilijifunza mwenyewe. Kiingereza changu nilikiokota mwenyewe. Na jiujitsu nilikuwa nimeisoma mwaka mzima kwenye simu, chumbani, mpinzani wangu akiwa gunia la pumba. Nilikuwa na daftari. Kila mbinu niliipa alama juu ya kumi, na sikuwahi kujipa zaidi ya sita.

"Umefundishwa na nani?" Kocha aliniuliza.

"Nimejifunza mwenyewe."

"Kwa hiyo aliyekufundisha hajui kitu."

Wote walicheka. Mimi nililiandika lile neno kwenye daftari usiku huo, na bado linaniuma kidogo.

Kisha alilala chali juu ya turubai, taratibu, kama mtu anayeshusha kabati. "Pita," alisema. Huo ndio mchezo wenyewe, wanaouita gadi: mmoja amelala chali anazuia kwa miguu na mikono, mwenzake anatafuta njia ya kuipita miguu ili amkandamize kifuani. Mimi nilikuwa najua njia saba za kupita. Nilijaribu zote. Miguu yake ilikuwa karibu imenyooka, unyayo mmoja kwenye nyonga yangu, wa pili begani, na mikono imeshika mikono ya koti langu la mazoezi. Hakufanya lolote la ajabu. Ila kila nilikokwenda, nyayo zake zilikuwa zimeshafika. Baada ya dakika chache nilikuwa nahema, na yeye ananiuliza kama stesheneri yetu ina karatasi za kukatia patani za nguo.

Nilichokiona baadaye ni kwamba gadi ile yote ilikuwa imejengwa kuzunguka magoti yake. Vijana hufunga miguu kiunoni mwa mpinzani na kubana. Yeye hakubana, kwa sababu kubana kulimtoa machozi. Vijana hujikunja kama jongoo. Yeye alinyoosha. "Goti ni bawaba," alisema. "Linafungua, linafunga. Si usukani, usilizungushe." Alitaka mguu utumike kupima umbali tu, na mkono ndio ushike. Nyonga ndiyo igeuke, yote pamoja na goti lake, kama mlango unavyokwenda na bawaba zake. Na ukiona umebanwa, usining'inie kwa mguu kuokoa gadi ambayo imeshakufa: mwachie, kaa, simama, anza upya. "Aliye juu yako ana haraka," alikuwa akisema. "Wewe huna, una subira. Usimpe hiyo pia."

Palikuwa na jamaa mmoja wa Kongowe, mpakia matofali, mkubwa kiasi kwamba koti lake Kocha alilishona kwa kuunganisha vitambaa viwili. Siku ya kwanza alisita.

"Mzee, nisije nikakuvunja, halafu mama kule nyumbani kwako akanilaani."

"Mama atakushukuru. Ana miaka anataka kupumzika."

Jamaa alisukuma, akavuta, akajitupa kushoto na kulia. Kocha alimshika mikono ya koti na kumwacha afanye kazi. Yule jamaa alipokuja kwa uzito wote, Kocha aligeuza nyonga na kumpeleka upande mwingine kama anavyogeuza gauni upande wa ndani. Turubai lilipiga kelele.

"Umechoka?"

"Sijachoka, Kocha. Nimepumzika tu."

"Basi pumzika hapo hapo chini, usijisumbue."

Kuhusu maumivu alikuwa mkali kwetu. Aliyechelewa kugonga alimfokea mbele ya watu, hata dada mmoja wa masjala ambaye wote tulimwogopa. "Unachelewa kugonga ili iweje? Utakuwa shujaa leo, na kesho utapanda ngazi kinyumenyume." Aliyevimba goti alimrudisha nyumbani. Ila yeye mwenyewe hakugonga kwa lolote. Msikitini walimwekea kiti mwishoni mwa safu, kama wanavyowekewa wazee wasioweza kukunja magoti. Alikipita kila siku. Ijumaa moja alikwenda kwenye sijida na hakuweza kunyanyuka. Sala ikaendelea, watu wakasimama, yeye paji la uso likabaki kwenye zulia mpaka imamu akatoa salamu. Waumini waliokuwa nyuma walidhani amezama kwenye dua. Mzee mmoja alimfuata nje, akamshika mkono na kumwomba amwombee mwanawe apate kazi.

"Wamenipandisha cheo," alinisimulia, akifuta machozi ya kicheko. Tangu hapo alisali nyumbani. Kile kiti hakukikalia hata mara moja.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwa ajili yake nimekuwa nachana karatasi.

Mwezi wa pili wa mazoezi aliweka kiganja juu ya goti langu la kulia na kuniambia nilikunje na kulinyoosha. Lilikwaruza kama mtu anayekanyaga changarawe. Nilizaliwa nalo hivyo, au nililiharibu kwa gunia la pumba, sijui. "Hili lako ni kama langu," alisema. "Cheza kama mimi. Ile ya kuzungusha mguu usiiguse."

Ile ya kuzungusha ilikuwa gadi niliyoipenda kuliko kitu chochote kwenye simu yangu. Unapitisha mguu nyuma ya goti la mpinzani kutokea nje, ndoano ya unyayo inanasa kwenye paja lake, goti lako linageukia ndani. Ukiipata, mtu mkubwa anaanguka kama ukuta wa udongo. Ni nzuri kuitazama, na mimi nilitaka kuwa mzuri kutazamwa. Gadi ya Kocha niliiona ya kizee. Niliijua, niliitumia mbele yake, na nilipokuwa chumbani nilirudi kwenye ile nyingine, mara mia kila upande, mpaka nikajipa nane juu ya kumi.

Kisha nikaanza kuipenyeza kwenye mazoezi akiwa amegeuka. Nikaanza kushinda. Hata jamaa wa Kongowe nilimwangusha.

Tatizo lilikuwa suruali. Kocha alikuwa na desturi ambayo sijaiona kwa kocha mwingine: suruali zetu za mazoezi zilizochakaa alizitia viraka mwenyewe, na kabla ya kuzitia viraka alizisoma. Alizitandaza kwenye meza ya kukatia, akapitisha kidole gumba kwenye sehemu zilizolika. "Wewe unatambaa badala ya kunyanyua kiuno." "Wewe unaegemea kushoto, unaogopa nini kulia?" Hakukosea. Na suruali yangu ilikuwa imelika upande wa ndani wa goti la kulia, mahali ambapo gadi yake isingeweza kugusa hata kwa miaka kumi. Kwa hiyo nilijifunza kushona. Nilikaa siku mbili na sindano, nikafumua na kurudia, mpaka kiraka kikalala kama kimezaliwa hapo.

Aliiona kwenye kamba ikikauka. Aliishika, akapitisha kidole gumba polepole juu ya mshono wangu, mzunguko mzima.

"Mshono mzuri," alisema, akaiachia.

Nilifurahi juma zima. Hata sasa naona aibu kuandika jinsi nilivyofurahi.

Mashindano yalikuwa Dar, kwenye ukumbi wenye feni zisizofanya kazi. Kocha alikaa kwenye benchi la kwanza amevaa shati la kwendea harusini na kilemba. Pambano la kwanza nilishinda kwa ile gadi yangu, na nilipomtazama alikuwa amesimama, peke yake, bila kushika kitu, anapiga makofi. La pili, mpinzani alirudi nyuma ghafla wakati mguu wangu umenasa. Nilisikia mlio wa mtu anayevunja muwa. Sikugonga. Nilingoja nione kama nitaweza kuendelea vizuri, na katika kungoja huko lilivunjika lililokuwa limebaki. Kocha alishuka, akanifunga goti kwa kilemba chake, na njia nzima kurudi Kibaha hakunikaripia. Nilidhani ni huruma.

Miezi michache baadaye mwenye nyumba alirudi na mafundi kumalizia ujenzi. Turubai lilikunjwa. Kocha na mkewe walihamia shambani kwao Vihingo, kule ndani Kisarawe, na kibanda kikawa cha wakala wa simu. Wachache tuliobaki tulipata ukumbi wa kuazima hapa Kibaha. Nilijaribu kucheza gadi ya Kocha kwa uaminifu, sasa kwa kuwa sikuwa na nyingine. Lakini nilikuwa nimejifunza nusu nusu, macho yakiwa kwenye simu. Jamaa wa Kongowe alinipita bila hata kutoa jasho, akanishika bega. "Pole, mdogo wangu. Tupumzike?" Mtu niliyekuwa namwangusha. Nilikwenda chooni nikalia, nikanawa, nikarudi, nikamwambia nilikuwa naongea na simu.

Baada ya hapo ndipo nilipokwenda hospitali na kuambiwa nichague. Nikakaa na uchaguzi huo kama mtu aliyeshika sufuria ya moto asiyeona pa kuitua. Sikuwaambia nyumbani. Sikumwambia yeyote. Bila jiujitsu mimi ni mtu anayerudia barua za watu kwa ajili ya nafasi iliyozidi, basi. Nikaamua kwenda Vihingo. Nilichapa msamaha wa ukurasa mmoja, nikaukunja mfukoni.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, mkekani chini ya upenu, miguu imenyooka mbele yake, anapepeta kunde kwenye ungo. Ndevu alizokuwa akizitia hina zilikuwa zimeachwa zikawa nyeupe.

"Shikamoo, Kocha."

"Marahaba, mwanangu. Mama yako yuko shambani, anachimba mihogo." Alinitazama nikikaa. "Umekuja na mguu mmoja."

"Nimekuja na yote miwili."

"Mmoja umeuburuta kuanzia kwenye ile mikorosho. Nimekuona."

Sikuutoa msamaha mfukoni. Nilimuuliza tu, "Kocha, bado naweza kucheza?"

Aliusogeza ungo pembeni, akalala chali. "Pita."

Nilipiga goti moja, lile zima. Mikono yake ilikuwa ile ile. Ilishika mikono ya shati langu na nikajua siendi popote. Lakini miguu haikunyanyuka. Ilikaa chini kama magogo mawili. Upande wa kushoto palikuwa na nafasi ambayo mtoto angepita. Niliiona, nikajifanya nahangaika upande wa kulia.

"Pita," alirudia.

"Nimeshindwa, Kocha."

"Usinidanganye."

Nikapita. Nilikaa kifuani kwake na hapakuwa na kitu cha kunizuia, na sijawahi kupata ushindi uliokuwa mchungu namna ile.

Nilipotoka juu yake alijaribu kukaa akashindwa. Akajaribu tena. Kisha akasema kitu ambacho kwa miaka yote sikuwahi kukisikia kinywani mwake: "Ninyanyue." Nilipitisha mikono chini ya kwapa zake nikavuta kwa haraka, ili asione muda mrefu kwamba ananyanyuliwa. Unyayo wangu ulibaki, mwili ukageuka. Goti likatoka na kurudi. Nilianguka kando yake, na maumivu yalipotulia kidogo nikajaribu kuinuka, mguu ukakataa.

Tulilala pale tunatazama makuti ya paa.

"Ni hilo la kulia," alisema.

"Ndiyo."

"Nilijua kabla ya mashindano. Ulikuwa unalizungusha."

Nilisikia kuku wanakula kunde zake na hakuna aliyewafukuza.

"Kwa nini hukunikataza?"

"Nilikukataza mara moja."

"Mara ya pili, Kocha. Ulipojua."

"Ulikuwa unashinda," alisema. "Nilikuwa na watu wanane wanaokuja kupumzisha akili baada ya ofisi, na mmoja anayeshinda. Nikasema, acha kidogo. Mashindano haya tu, halafu nitamwambia."

Nilikuwa nimesafiri na msamaha mfukoni, na sasa sikujua ni wa nani. Nilitaka kukasirika. Kilichonijia ni swali.

"Wewe ulipoambiwa upasuliwe, ulisemaje?"

"Sikuambiwa. Sikwenda. Niliogopa wataniambia niache." Aligeuza uso kunitazama, shavu lake likiwa mkekani. "Wewe ulikwenda?"

"Nilikwenda. Wamesema nipasuliwe au niache."

"Na unaniuliza mimi?"

"Nitapasuliwa," nikasema. Nililisikia kama limesemwa na mtu wa jirani.

"Na utacheza tena?"

"Sijui."

"Hata mimi sijui," alisema. "Sina la kukudanganya hapo."

Kwenye njia ya shambani tukasikia kandambili. Kocha alinyanyua kichwa kidogo. "Mwambie tunafanya mazoezi," alininong'oneza. Macho yake yalikuwa yananiomba, kama ya mtoto aliyevunja sahani.

"Kuna nini huko?" mkewe aliita. "Nani kaanguka?"

"Tuko wawili, mama," nikasema. "Hatuwezi kunyanyuka."

Alitokea pembeni ya nyumba, tenga la mihogo kichwani. Alimtazama mumewe, akanitazama mimi, akalitua tenga polepole.

"Nikaite watu?"

"Usiite," Kocha alisema.

"Waite, mama," nikasema. "Waite."

Alikaza kanga kiunoni akaondoka. Hazikupita dakika nyingi tukawasikia wanakuja, wanaume watatu wanne, wameshaanza kucheka kabla hawajafika. Kocha aliufunika uso kwa ule mkono wake mnene. Mimi niliunyoosha wangu juu, ili waanze na mimi.